Kikundi: Wa Kukhu (Nyanya) Wote – Safari ya Naivasha

IJUMAA

19:04 Senge Metrine: Hamjambo. Narudia kwa wale wanasoma na kunyamaza. Jumamosi ijayo ni Naivasha. Matatu ya viti 14 inatoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri. Ukiniandikia "niko njiani" tumekuacha. Mchango 2,500 kwa mtu mzima. Mpaka sasa wametuma watatu. Watatu!

19:06 Wekesa: Senge, shangazi yetu, hiyo ni salamu ama tumesomewa hukumu 😂

19:07 Senge Metrine: Wewe hujatuma.

19:31 Mama Tasha: Ratiba ikoje? Watoto wataweza huo mlima?

19:33 Senge Metrine: Asubuhi Longonot. Kutoka getini hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Wenye nguvu wazunguke ukingo wote, 7.2 zingine. Saa nane mbuga ya Hell's Gate, baiskeli na lile korongo. Jioni boti ziwani, samaki, nyumbani.

19:35 Khaemba: Tunaenda kutembea ama kuandikwa jeshi

19:41 Baba Tasha: Metrine, hiyo ratiba si ya binadamu. Longonot nilipanda na wenzangu wa kazi. Mita 2,776 si mchezo. Zile kilomita tatu za kwanza ndizo zinamaliza watu, hasa ukikaribia juu. Udongo ni jivu tupu, unapanda hatua unarudi nusu, na kiatu kikiwa wazi utakuwa unakivua kumwaga mchanga. Huko juu hakuna duka, kila mtu na maji yake, lita mbili. Na huko ukingoni kuna mahali njia imebana, huku shimo, huku mteremko. Ukitoka hapo baiskeli utaitazama tu kwa macho.

19:44 Nafula: Si ati hiyo ni volkeno? Iko hai?

19:46 Baba Tasha: Imelala, haijafa. Husemekana ililipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Mvuke bado unatoka.

19:47 Wekesa: Tubebe nduma tuchemshie huko

19:47 Khaemba: Mimi naogopa ile inalipuka hapa kwa kikundi kila Ijumaa 🌋

19:48 Wekesa: 😂😂😂😂

19:48 Senge Metrine: Khaemba nimekuona.

19:50 Senge Metrine: Jambo la maana. Kiingilio cha mbuga hakilipwi taslimu, ni eCitizen, ule mtandao wa serikali. Nitumieni namba za vitambulisho. KWANGU, si hapa.

19:52 Khaemba: Namba ya kiatu pia?

20:15 Mama Tasha: Hiyo boti ina jaketi za kuokolea? Ziwa limepanda. Mtaa wa Kihoto maji yaliingia hadi vyumba vya kulala, viboko nao wakafuata.

21:58 Simiyu Bungoma: Kabla sijatuma kitu, naomba hesabu ya pesa za ile safari ya Dunga, Kisumu.

22:01 Senge Metrine: Simiyu. Leo tena.

22:02 Simiyu Bungoma: Mwenye boti wa huko alirudisha pesa ama hakurudisha?

22:02 Senge Metrine: Nusu.

22:03 Simiyu Bungoma: Hiyo nusu iko wapi?

22:05 Senge Metrine: Iulize ile sufuria kubwa, inajua.

22:06 Mama Tasha: Mambo ya sufuria msiniingize.

22:09 _Wekesa amefuta ujumbe huu_

JUMAMOSI

06:12 Nafula: Shikamooni. Niko kwa Kukhu huku Webuye. Jana usiku alitaka nimsomee yote ya hapa, hata ya Dunga. Amesema niandike anavyosema nisiongeze langu:

"Metrine, mlima pandeni. Ziwani nendeni. Lakini lile korongo lililobeba watoto wa kanisa, hapana. Mvua inanyesha mbali, nyinyi mko chini kwenye jua mnapigana picha, maji yanawakuta hapo. Huu ni mwezi wa nne. Hakuna mtoto wa nyumba hii ataingia. Na habari ya Dunga niliifunga siku ya matanga. Nani ameifungua?"

07:50 Baba Tasha: Ni kweli mama. 2012 wale vijana 7, na 2019 tena wakaenda watu 7.

08:40 Senge Metrine: Tumesikia mama.

08:41 Simiyu Bungoma: Tumesikia.

09:15 Wekesa: Lakini mimi korongo ndilo nilikuwa naendea. Si askari wa mbuga wakiona wingu wanalifunga?

09:15 Senge Metrine: Wekesa.

09:16 Wekesa: Sawa Senge.

09:30 Senge Metrine: Basi chagueni, mlima AMA baiskeli. Baiskeli ni njia tambarare kutoka geti la Elsa, punda milia hapo kando, watoto waone pimbi pale Fischer's Tower. Wenye magoti kuna bwawa la maji moto ya ardhini kule Olkaria. Jibuni kabla ya saa sita, mwenye matatu anataka kujua kama anafika Longonot ama anaishia Naivasha, bei si moja.

09:33 Khaemba: Kura yangu ni samaki

11:20 Baba Tasha: Baiskeli.

11:24 Nafula: Mlima 🙏

12:37 Senge Metrine: Wawili tu?? Mwenye matatu amepiga mara mbili, sijashika.

13:05 Simiyu Bungoma: Nimetuma 1,000. Ingine mkishaamua.

13:06 Senge Metrine: Ni 2,500 ndugu yangu.

13:19 Mama Tasha: Tasha anauliza kama pimbi wanauma.