i7-4770 au i5-8500 kwa video za harusi? Nishaurini kabla sijalipa

MpigaPicha_Kisauni:
Assalam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri, na jambo lenyewe lagusa akiba yangu yote.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Msimu huu mwaujua wenyewe, kabla ya Ramadhani watu huoana kama wameambiwa ndoa zaisha kesho. Kompyuta yangu ina prosesa (ule ubongo wake) ya i3 ya kizazi cha 2, na harusi moja yanichukua siku mbili kuitoa, yaani kompyuta iunde video nzima ya mwisho. Bibi harusi wa Bamburi kanipigia juzi: mume kesharudi Dubai na video hawajaiona.

Nimezunguka maduka ya Mwembe Tayari na Digo Road hapa Mombasa, nimebaki na kompyuta mbili za HP. Zote ni za mtumba, zote ramu 16GB na SSD.

EliteDesk 800 G1, i7-4770, shilingi 24,000.
EliteDesk 800 G4, i5-8500, shilingi 33,000.

Hesabu zangu mie: i7 ni kubwa kuliko i5. Gigahezi 3.4 ni zaidi ya 3.0. Nyuzi 8 ni zaidi ya 6. Na kisha ndiyo ya bei ndogo! Muuzaji naye asema nichukue i7. Kuna kitu sikioni, au Mungu kanifungulia riziki?

FundiBondeni:
Wa aleikum salam. Muuzaji ataka i7 imwondokee dukani.

4770 ni kizazi cha 4, ilitoka 2013. 8500 ni kizazi cha 8, ya 2018. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, ya kwanza baada ya kistari ndiyo ya kizazi, nayo uitazame kabla hujauliza ni i ngapi. Hiyo i7 yamaanisha alikuwa kaka mkubwa nyumbani kwao mwaka ule, basi. Gigahezi nazo zahesabu mapigo. Hazikwambii kazi iliyofanyika katika kila pigo, na prosesa ya kizazi cha 8 yafanya zaidi kwa pigo moja. Halafu 3.4 na 3.0 ni mwendo wa chini. Kazi ikihitaji, 4770 yaweza kupanda hadi 3.9 na 8500 hadi 4.1.

BintiTudor:
Niongeze kuhusu nyuzi (si huu uzi wetu!). Chukulia kiini, ile sehemu ya prosesa ifanyayo kazi, ni mpishi na uzi ni sufuria. 4770 ina wapishi 4, kila mmoja kashika masufuria mawili: maji ya huku yakingoja kuchemka, yeye akoroga kule. Yasaidia, ila mikono ni ileile. 8500 ina wapishi 6, kila mmoja na sufuria lake. Wewe wa harusini, pilau la watu 500 ungempa nani?

MpigaPicha_Kisauni:
Dada umenimaliza 😂

Mzee_Ganjoni:
Kijana, usikimbilie dukani. Mimi nahariri kwa i7 kama hiyo mpaka leo na wateja hawajalalamika. Je, umejaribu kutengeneza nakala nyepesi za video kwanza? Programu nyingi za kuhariri zina njia hiyo. Wakata na kupanga kwa nakala nyepesi, mwisho yenyewe yarudi kwenye picha halisi. Bure kabisa.

FundiBondeni:
Mzee asema kweli, na MpigaPicha ajaribu leo usiku. Lakini nakala hurahisisha kukata tu, saa ya kuitoa kazi prosesa itabeba mzigo uleule. Swali langu: wapiga kwa kamera au simu?

MpigaPicha_Kisauni:
Kamera mbili, na simu ya msaidizi wangu upande wa akina mama. Simu tumeiweka HEVC, ile njia ya kubana video, ili isijae upesi.

FundiBondeni:
Basi hapo ndipo penyewe, yakhe. HEVC ilipitishwa mwaka huohuo wa 2013 iliotoka 4770. Sehemu ya picha iliyomo ndani ya 4770, HD 4600, haina mtambo kamili wa kufungua HEVC, kwa hiyo viini hufanya kwa nguvu za mikono. UHD 630 ya ndani ya 8500 ina mtambo wake, hata kwa HEVC ya biti 10. Kama programu yako yautumia, video ya simu itapita laini na viini vibaki huru kwa kazi nyingine. Hii kwako yashinda habari yote ya gigahezi.

Kijana_Changamwe:
Si anunue prosesa ya 8500 peke yake aitie kwenye G1? Aokoe pesa.

FundiBondeni:
Haiingii. Soketi (mahali prosesa ikaapo) ya 4770 ni LGA1150, ya 8500 ni LGA1151. Hata ubao mama wa kizazi cha 6 au cha 7, ulioandikwa 1151 vilevile, hauikubali. Ramu nazo DDR3 na DDR4, pengo la meno si mahali pamoja. Nishaletewa moja imelazimishwa. Sitaki kuikumbuka.

BintiTudor:
Na Windows jamani. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi, ukiacha chache, yaanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Ile G1 watakuwekea Windows 11 kwa ujanja na itawaka, ila hukuhakikishiwa masasisho.

Kijana_Changamwe:
Tokeni pia. 4770 wati 84, 8500 wati 65.

Mzee_Ganjoni:
Hizo wati ni za kupangia ubaridi, mwanangu, si bili ya stima. Ikipandisha mwendo yaweza kuzipita kwa muda. Faida ya tokeni ataipata kazi ikiisha mapema.

FundiBondeni:
MpigaPicha, nenda na flashi yenye kipande cha harusi, dakika mbili za kamera na mbili za simu. Kifungue kwa programu yako kwenye mashine zote mbili, ukitoe huku watazama saa. Fungua pia programu ya CPU-Z uhakikishe jina la prosesa. Na mwombe afungue kifuniko: mashine iliyokaa hapa pwani miaka miwili waijua kwa kutu ya skrubu, na pesti ya kupitisha joto la prosesa huenda ishakauka kama udongo.

MpigaPicha_Kisauni:
Nimerudi. Muuzaji alinuna kidogo nilipotoa flashi, lakini karidhia. Video za kamera sikuona tofauti kubwa ya kunitoa elfu tisa. Ya simu sasa! Kwenye i7 picha zilirukaruka, bibi harusi ashuka ngazi kwa vipande. Kwenye i5 zapita kama maji. Skrubu safi. Nimeibana hadi 30,500, nimelipa, nimepakia tuktuk.

Nimefika nyumbani: monita yangu ni ya waya wa VGA, na huku nyuma ya kompyuta naona matundu ya DisplayPort tu!

BintiTudor:
Tafuta adapta ya DisplayPort kwenda VGA, upande wa DisplayPort uwe ndio wa kuingia kwenye kompyuta. Zipo za kurudi kinyume, sura moja, na hazitakuwashia kitu.

MpigaPicha_Kisauni:
Maduka yamefungwa?

BintiTudor:
Saa mbili usiku hii? Piga simu Bamburi uombe siku moja zaidi.