Injini ya boti inatema oili kwenye brida, nianzie wapi?

dizeli_ndani
Wakuu habari, nina injini ya dizeli silinda 4 yenye turbo kwenye boti, siku hizi nikiongeza resi kidogo tu ule mpira wa brida (njia ya kupumulia ya injini) unaotoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, unafuka moshi na kudondosha oili, chumba cha injini chote kinanuka na eakilina (kichujio cha hewa) imelowa. Halafu sili ya nyuma ya krenki imeanza kuvuja wakati ilikuwa kavu kabisa. Nguvu ipo, joto halipandi. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha nifanye ovaholi, yaani nifungue injini yote niitengeneze upya, mwingine anasema nichomoe huo mpira niuelekeze kwenye ngama (kule chini kabisa ndani ya boti) basi. Yote mawili sijayaelewa, naombeni mwongozo.

Chuma_Mbili
Usifungue injini kwanza mkuu. Injini yoyote, hata mpya, kuna upepo unapenya kwenye ringi unashuka kwenye chumba cha krenki chini ya injini, brida ipo kwa ajili ya kuutoa. Presha ikizidi mpaka sili zinavuja basi ama njia imeziba ama upepo umezidi njia, na ya kwanza ndiyo rahisi kwa hiyo anza nayo. Chomoa mpira wote uukague, kuna unaolainika kwa oili mpaka unanywea ukipata moto, kuna uliokunjika, kuna ulioning'inia katikati maji na oili vikatuama hapo. Kama una kile kichujio cha kutenganisha oili, wavu wake unaoshwa ila elementi ikishajaa masizi ni kubadilisha tu.

Na oili usijaze kwa mazoea. Injini za boti nyingi zimelala kwa pembe kufuata shafti, stiki ya kupimia oili inasoma tofauti na injini iliyokaa sawa, ukizidisha krenki inaipiga oili inakuwa ukungu na ukungu wote unapitia brida.

pwani_mitambo
Kaongea vizuri hapo juu. Mimi naongezea hilo la ngama, ndugu yangu USIFANYE. Mvuke wa oili ukitua kwenye ekizosi ya moto ni moto huo, na kama ingekuwa ya petroli ndio hatari zaidi maana ule upepo una mafuta ambayo hayajaungua.

Lakini pia usiache oili inanyonywa hivyo kwenye eakilina, ikiingia nyingi dizeli inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, unafunga mafuta haizimi, inapandisha resi tu. Hapo dawa ni kuiziba hewa kwa ubao au kitu kigumu, mkono hapana.

dizeli_ndani
Asanteni sana. Nimefungua, mpira umenywea kwenye kona na wavu ndani umeganda kabisa kama lami. Nimeosha, nimeweka mpira mpya, moshi umepungua sana ila nikifungua kifuniko cha oili ikiwa sailensa (inazunguka taratibu bila kuongeza resi) bado kuna upepo. Ndio ringi?

Chuma_Mbili
Upepo kidogo ni kawaida, hiyo ya kifuniko inatisha watu bure. Kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kufunga, kikitetemeka tu sawa, kikirushwa ndio uanze kuwaza. Jibu la uhakika unalipata ikiwa na mzigo, chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ukunje umbo la U, tia maji, upande mmoja uchomeke kwenye tundu la stiki uzibe vizuri, endesha boti ikiwa na mzigo uone maji yanapanda kiasi gani, linganisha na kitabu cha injini yako.

Ikizidi pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) kila silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake, ringi au pistoni. Zote zikiwa sawa na presha inapanda pale turbo inapoanza kusukuma hewa, angalia turbo kabla ya kununua ringi, sili zake zikiisha upepo unarudi kupitia paipu ya oili hadi kwenye krenki.

pwani_mitambo
Na hiyo sili ya nyuma usiibadilishe sasa hivi. Ifute, endesha wiki chache na brida safi, mara nyingi presha ikishuka inakauka yenyewe.