Kukausha spiriti ya shelaki: chokaa, silika jeli au zeolaiti 3A?

SeremalaNgamiani: Wakuu, napaka shelaki kwenye makabati hapa Tanga. Tangu masika ianze, polishi inaota ukungu mweupe. Spiriti ninayoyeyushia shelaki ni ya asilimia 95 kwa ujazo, iliyobaki ni maji. Niichemshe nikinge mvuke, au nitumie kimoja kati ya hivyo vitatu?

BintiChumbageni: Kuchemsha hakutakufikisha, kaka. Ethanoli, yaani spiriti yenyewe, ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, huchemka pamoja na maji yaliyobaki kwenye nyuzi 78.2 za Selsiasi, na mvuke unatoka na maji yaleyale. Chukua zeolaiti 3A. Ni fuwele zenye vitundu vya nanomita 0.3 hivi: maji hupenya, ethanoli ni nene, inabaki nje. Silika jeli ina vitundu vipana, inakunywa vyote viwili.

FundiRangi: Mimi nilitumia chokaa isiyozimwa. Inakausha kweli, ila spiriti ilikaa na unga mweupe siku tatu, na shelaki ikaniharibikia rangi. Shelaki ina asidi, haipatani na chokaa. Usipoichemsha tena na kukinga mvuke, achana nayo.

SeremalaNgamiani: Lita moja inataka zeolaiti kiasi gani?

BintiChumbageni: Lita hiyo ina karibu gramu 60 za maji. Zeolaiti hubeba kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo hesabu inatoa gramu 300. Weka 400, funika, tikisa, iache usiku kucha au zaidi. Wakikuuzia zeolaiti 13X, rudisha. Hiyo ina vitundu vipana, inapitisha hata ethanoli.

MzeeMakorora: Mwanangu, pima kwa mrututu, zile fuwele za buluu. Ukaange mpaka uwe mweupe, uache upoe, utie chembe kwenye spiriti. Ukirudi kuwa buluu, maji bado yapo. Na punje za zeolaiti zikishiba maji huchomwa upya kwenye nyuzi 250 hadi 300, lakini zianikwe kwanza nje, mbali na moto, mpaka harufu iishe kabisa. Jirani yangu aliziingiza kwenye oveni zikiwa bado na spiriti. Mlango uliruka, akaungua mikono yote miwili. Naomba sana usifanye haraka hapo.

FundiRangi: Halafu usipake alfajiri. Spiriti ikikauka hupoza ubao, na unyevu wa hewa unatua juu yake.

SeremalaNgamiani: Nawashukuru sana. Nimejaribu, mrututu umebaki mweupe. Ubao wa mvule niliopaka saa saba mchana unang'aa mpaka pembeni. Ule wa saa moja asubuhi, kwa spiriti hiyohiyo, bado una ukungu kidogo kwenye kona.