Aliyeziita frigeti za Iver Huitfeldt «feri ya Kigamboni» aombe radhi leo hii

Ndugu zangu, naandika mkono ukitetemeka. Yule mjuaji wetu, ambaye hana haja ya kutajwa kwa kuwa hakuna asiyemjua, jana usiku alitamka mbele ya watu wote kwamba frigeti za Denmark za daraja la Iver Huitfeldt ni «feri ya Kigamboni iliyopakwa rangi ya kijivu». Feri! Manowari ya ulinzi wa anga yenye urefu wa takribani mita 139, yenye rada ya SMART-L inayoona ndege umbali wa kilomita 400, anaifananisha na chombo cha kuvusha bajaji na matenga ya nyanya!

Hoja yake yote ni kwamba zilijengwa Odense, katika kiwanda kilichozoea meli za makontena. Ni kweli, na ndiyo maana Denmark ilizipata zote tatu, yaani Iver Huitfeldt, Peter Willemoes na Niels Juel, kwa gharama nafuu. Waingereza wamechukua umbo hilohilo kwa frigeti zao za Type 31, na Poland na Indonesia nazo zimelichagua. Je, wote hao wananunua feri? Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, Iver Huitfeldt ilidungua droni nne. Feri ya Kigamboni haijapata kudungua hata kunguru. Tangu jana chakula hakipiti. Kila nikifumba macho nalisikia neno lile: feri.

Jibu la 1: Pole, ndugu, lakini mbona husemi kwamba siku hiyohiyo mfumo wa kurusha makombora ya ESSM uligoma kwa nusu saa, na risasi kadhaa za mizinga ya milimita 76 zikalipuka mapema, karibu na meli yenyewe? Kwa hasira hizo, kanywe maji kwanza.

Jibu la 2: Linaloniuma mimi ni kwamba waziri wa ulinzi wa Denmark hakuarifiwa kasoro hizo, hata mkuu wa majeshi akaondolewa Aprili 3.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye feri.

Jibu la 3: Kesho yake tu, Niels Juel ikiwa bandarini Korsør, Denmark, kombora la Harpoon lilikataa kuzimwa wakati wa jaribio, na meli zikazuiwa kupita sehemu ya mlangobahari wa Storebælt. Mabaharia waliosubirishwa wataombwa radhi na nani?

Jibu la 2: Hilo la Harpoon lifunguliwe uzi wake.