Mwanangu anaongea kwa kidole: nimwitikie au nimnyime?

Mama Nuru, Tanga
Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa kiume, miezi 14. Maneno yake hayafiki sita, lakini kidole hakilali. Akitaka maji, kidole kwenye ndoo. Paka akipita ukutani, kidole. Juzi alizinyooshea ndala za baba yake mlangoni akasema "baba", na baba mwenyewe yuko kazini tangu asubuhi. Nikamwitikia, "Eeh, ndala za baba." Mama mkwe alikuwa anakuna nazi, akaiacha mbuzi akaniangalia: "Endelea kukitii hicho kidole, hataongea mpaka aende shule. Mnyime mpaka ataje." Jana nikamnyima maji. Alilia mpaka akatapika, na mimi nikalia pembeni. Mama ni mtu mzima, siwezi kumjibu hovyo. Nifanyeje?

Mwalimu wa chekechea
Pole sana. Mpe maji mtoto! Hapo kwenye ndala keshatunga sentensi, nusu kwa kidole, nusu kwa mdomo. Watafiti wawili, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, walifuatilia watoto 10 huko Marekani, wakaandika mwaka 2005: walioanza mapema kuonyesha kitu kimoja huku wakitaja kingine ndio walioanza mapema kuunganisha maneno mawili. Na vitu vingi mtoto alivionyesha kwanza, jina likafuata baadaye. Wewe kazi yako ni hiyohiyo uliyofanya: kidole kikitua, taja jina.

Bibi wa wajukuu saba
Mimi ningeogopa asiyenyoosha kidole kabisa. Mjukuu wangu wa tatu alifika mwaka na zaidi haonyeshi kitu, ukimwita hageuki. Tukasema mpole. Kumbe masikio. Huyo wako mshukuru Mungu, ila asiyeonyesha apelekwe kliniki mapema, wasingoje kama sisi.

Msomaji wa usiku
Nilikulia na mjomba asiyeona tangu kuzaliwa. Akisimulia ndoo ilivyojaa pomoni, kiganja kinapanda mpaka kifuani. Nilidhani ni yeye tu, hadi niliposoma kuwa mwaka 1998 hao hao Iverson na Goldin-Meadow waliwaangalia vijana na watoto 12 wasioona tangu kuzaliwa, wote wakaongea na mikono; na wasioona wengine walifanya hivyo hata mbele ya asiyeona mwenzao. Kwa hiyo si kuiga. Lakini lugha nayo inaivuta mikono: watafiti Kita na Özyürek (2003) waliwaonyesha watu katuni ya paka anayebembea kwa kamba. Waongeaji wa Kiingereza, wenye kitenzi chake, wengi mkono wao ulichora upinde. Wajapani na Waturuki hawana kitenzi kimoja cha namna hiyo, na mikono yao mara nyingi ilikwenda moja kwa moja tu. Sisi tuna "bembea", natamani mtu atupime. Tena jaribu kusema "kaanguka pu!" huku umeikalia mikono, uone.

Mama Nuru, Tanga
Ahsanteni, nimecheka hiyo ya pu. Nimejaribu, sikuweza. Leo maji amepewa kidole kilipotua, nikasema "maji", akasema "ma". Sikumweleza mama kitu. Jioni anapika, mikono ina unga, akachongoa mdomo kuelekea kabatini: "Nipe kile." Kile kipi, sijui. Kabla sijauliza, mwanangu keshanyoosha kidole kwenye mwiko.