Tumepigwa: hii "kamusi" ya Kidenmark inayouzwa kwenye magrupu yetu ni Kiingereza kilichopitishwa kwenye mashine

Wakuu, salamu baadaye. Kama uko Denmark, au una ndugu huko anayejiandaa na mtihani wa lugha, soma uzi huu kabla hujamtumia yule jamaa krone 150.

Kuna PDF inazunguka kwenye magrupu ya Waswahili wa Copenhagen, Aarhus na Odense. Safu tatu: kushoto Kiswahili, katikati Kiingereza, kulia Kidenmark. Muuzaji anaiita kamusi. Simtaji jina, anajijua, na nina hakika humu anapita kimya kimya. Watu wamenunua, wamechapisha, wengine wameibandika kwenye friji. Mimi nimeipitia ukurasa kwa ukurasa na nawaambia tumepigwa mchana kweupe.

Alichofanya kinaonekana wazi. Amechukua orodha ya maneno ya kawaida ya Kiingereza, akaandika Kiswahili chake pembeni, kisha akalitupa kila neno la Kiingereza peke yake, bila sentensi, kwenye programu ya kutafsiri na kunakili jibu la kwanza. Sasa maneno ya kawaida ya Kiingereza ndiyo yenye maana nyingi kuliko yote. Mashine ikipewa "nail" tupu itajuaje kama unajenga nyumba au unapaka rangi kucha? Inachagua tu. Naye hakurudi hata mara moja kuangalia kama ilichochagua kinalingana na Kiswahili alichokiandika kwa mkono wake.

Ndiyo maana humo ndani mna "msumari = negl". Negl ni ukucha, wakuu. Msumari ni søm. Kuna kijana wetu yuko saiti Odense, msimamizi akamwambia alete søm, akafungua PDF, søm haimo kabisa. Akabaki anazunguka na simu mkononi huku mafundi wanamsubiri juu. "Barua = bogstav": hiyo ni herufi, barua ni brev. "Meza = tabel": hilo ni jedwali, meza ni bord. "Faini = fint": fint ni shwari, faini ni bøde, yaani ukiambiwa mambo ni fint, wewe unaelewa kwamba umepigwa faini. "Kulia = rigtigt". Rigtigt ni sahihi. Mkono wa kulia ni højre, na mtu anayesomea leseni bila kulijua neno højre, katika nchi ambayo kwenye njia panda isiyo na alama unampisha anayetokea højre, huyo tumuombee. (Kushoto amepatia, ni venstre. Ila mgeni usichanganyikiwe: chama kinachoitwa Venstre, cha tangu 1870, kiko mrengo wa kulia. Hilo si kosa la muuzaji, ni mambo ya wenyewe Wadenmark.)

Hayo unaweza kuyacheka. Hili siwezi. Dada mmoja aliomba kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye barua ya maombi akataka kusema yeye ni mvumilivu, sifa muhimu kabisa kwa kazi ile. PDF inasema "mvumilivu = patient". Akaandika "Jeg er patient". Kwa Kidenmark sentensi hiyo haina kasoro ya sarufi hata kidogo, na maana yake ni "mimi ni mgonjwa". Mvumilivu ni tålmodig. Hakuitwa kwenye usaili. Sisemi ni kwa sababu hiyo peke yake, lakini fikiria uko ofisini pale, unatafuta mtu wa kuwahudumia wagonjwa, na wa kwanza kukuandikia anajitambulisha kuwa naye ni mmoja wao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile safu ya katikati haikuwa na kazi yoyote. Angalia "bure". Ameandika "bure = fri". Sasa Kiswahili kina bure, kina huru, na kiti kisicho na mtu tunasema kiko wazi. Kidenmark kina gratis, kina fri, na kiti kisicho na mtu ni ledig. Matatu kwa matatu, yamekaa yakitazamana. Kiingereza kinayabeba yote kwa "free". Kwa hiyo huyu bwana amechukua kitu ambacho sisi tayari tumekitenganisha, akakichanganya makusudi, halafu akaiachia mashine ikitenganishe tena kwa kubahatisha. Ni sawa na kutoka Kariakoo kwenda Ilala kupitia Bagamoyo, na nauli unalipa wewe.

Na si neno moja. Chukua kuuliza na kuomba. Mtoto wa darasa la kwanza Mbagala anajua kwamba njia unauliza, maji unaomba. Kidenmark hivyo hivyo: kuuliza ni spørge, kuomba ni bede, na kuomba kitu ni bede om. Kiingereza ndicho chenye "ask" moja, kwa hiyo PDF imeweka spørge pote pawili. Matokeo yake mtu anamwambia jirani anamuuliza chumvi. Na uzuri wenyewe ni huu: bede ni hiyo hiyo ya kusali. Kumuomba Mungu ni bede til Gud. Yaani neno linatembea na letu mpaka msikitini na kanisani! Na watu wanaolalamika kwamba Kidenmark hakina neno la adabu kama "please" la Waingereza, mnalitafuta la nini? Sisi tunalo? Tunasema "naomba chumvi" na adabu imekamilika. Wao wanasema "må jeg bede om saltet", naweza kuomba chumvi. Ukishalijua hilo hujambo mezani, na hukuhitaji Mwingereza akushike mkono.

Mara na wakati. PDF: "mara = tid". Tid ni wakati. Mara ni gang, wingi gange. Hili ni la hatari kwa sababu liko kwenye dawa. Kibandiko kimeandikwa "1 tablet 3 gange daglig", kidonge kimoja mara tatu kwa siku, mzazi anafungua ile takataka kutafuta gange haioni. Na kama hujaamini kwamba gang ni mara yetu kabisa, nenda kwenye hesabu: tatu mara nne kwao ni tre gange fire. Neno lile lile la kuzidishia! Halafu kuna mtego mwingine wa ile safu ya katikati. Kidenmark kina neno linaloandikwa herufi kwa herufi kama "time" la Kiingereza, na maana yake ni saa, ile ya dakika sitini. Aliyezoea kuona "time" katikati ya ukurasa akikutana na "to timer" kwenye ratiba ya kazi anadhani ni mara mbili, kumbe ni muda wa saa mbili.

Ndugu nao. "Shangazi = tante", "mama mdogo = tante", "mjomba = onkel", "baba mdogo = onkel". Maneno ya tante na onkel yapo, sikatai. Lakini Wadenmark wanatofautisha upande wa baba na wa mama kama sisi: dada wa baba ni faster, dada wa mama ni moster, kaka wa mama ni morbror, kaka wa baba ni farbror. Hata bibi, mzaa mama ni mormor na mzaa baba ni farmor. Ni watu wachache Ulaya unaoweza kuwaeleza ukoo wako na wakakuelewa bila kuchora mti. Sisi tumepata hiyo bahati, tukaipitisha kwa "aunt" ikafa.

Sasa shule za lugha. Sitaji shule ipi, ziko nyingi na ugonjwa ni huo huo kwa walimu wengi niliowasikia. Siku ya kufundisha da, når na hvornår, mwalimu anaandika ubaoni "when", anachora mishale mitatu, anasema hili gumu, kwenye Kiingereza yote ni neno moja, itabidi mkariri. Darasani kuna Mtanzania, Mkongo na Mrundi wameinamisha vichwa wanakariri. Mnakariri nini? Hvornår ni lini, basi. Da ni -lipo-: nilipofika Denmark, da jeg kom til Danmark, jambo lililotokea mara moja likaisha. Når ni -napo- na -takapo-: ninapofika kazini, nitakapopata hela. Wenyewe wana msemo wa kuwasaidia watoto wao, "dengang da, hver gang når", siku ile da, kila mara når. Kwa hiyo ukiona "kila" imetangulia, kila nilipomtembelea bibi, hata kama ni zamani unatumia når. Hiyo ndiyo kona moja ya kuangalia. Nyingine zote unazo mdomoni tangu unyonyeshwe.

Au "think". PDF imeweka tænke kwa nadhani, kwa naona, kwa nafikiri, kwa kila kitu. Tænke ni kufikiri, akili inafanya kazi. Nadhani ni jeg tror: nadhani kesho itanyesha. Na "naona", ile ya kutoa maoni juu ya kitu ulichokionja au kukishuhudia mwenyewe, ni jeg synes. Naona chakula hiki kitamu, jeg synes, maden er god. Ukisema jeg tror ilhali sahani iko mbele yako na umeshakula, mwenyeji anashangaa, maana umesema unakisia tu kwamba chakula ni kizuri. Na ndani ya synes mna syn, yaani kuona kwa macho. Wao nao wametoa maoni kutoka kwenye jicho, kama sisi. Mtu aniambie ni kozi gani iliyowahi kumwonyesha Mswahili jambo hili.

Hakuna. Kwa sababu tumekubaliana, bila kikao, kwamba Kiswahili hakifiki popote bila kupandishwa kwanza kwenye gari la Kiingereza. Wadenmark wenyewe hawakufikiri hivyo. Waliokuja kufanya kazi Tanzania miaka na miaka walikuwa wanasomeshwa Kiswahili pale Usa River, Arusha, kwenye kituo cha Wadenmark wenyewe, na wengine walirudi kwao wanaongea kuzidi vijana wa Masaki. Kwao Kiswahili ni lugha inayojitosheleza. Kwa huyu bwana wa PDF ni safu ya mapambo upande wa kushoto.

Na si mchezo. Ukaazi wa kudumu kwa kawaida unadai mtihani wa lugha uitwao Prøve i Dansk 2, uraia kwa kawaida unadai ule wa juu yake, Prøve i Dansk 3. Watu wanasoma usiku baada ya zamu ya usafi, wanalipa hela, wanameza sumu.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeandika kwamba Kiswahili nacho kina maneno yenye maana nyingi: ndiyo mkuu, nani amekataa? "Karibu" yetu ni balaa. Kwa Kidenmark inaweza kuwa velkommen, værsgo unapomkabidhi mtu kitu, selv tak anapokushukuru, næsten ikiwa karibu ya "karibu kuanguka", na tæt på ikiwa ya umbali. "Kujua" nako kunagawanyika: habari ni vide, mtu ni kende, na lugha ni kunne, jeg kan dansk. "Mke wake" ndiyo usiseme. Kuna sin kone, wa kwake mwenyewe, na hans kone, wa yule mwingine, na ukikosea hapo umeanzisha kesi. Kucheza kwa watoto ni lege, mpira ni spille. Hapo Kiswahili hakikusaidii, na Kiingereza hakikusaidii sana vilevile. Hapo ndipo orodha ya mwalimu mwenye akili ingetumia kurasa zake, badala ya kurudia "meza".

Halafu kuna pale ambapo Kiingereza ndicho kinachotenganisha na sisi na Wadenmark tumeunganisha. Låne ni kuazima, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Waingereza wana maneno mawili. PDF imeandika neno hilo mara mbili kwenye mistari tofauti kana kwamba ni vitu viwili.

Aliyeuliza atumie nini: ingia ordnet.dk, kuna Den Danske Ordbog, bure kabisa, gratis. Ni Kidenmark kwa Kidenmark, mwanzoni itakutesa, lakini kila maana ina mfano wake na matamshi unayasikia. Ukitumia programu ya kutafsiri, ipe sentensi nzima, usiipe neno moja kama unamtupia kuku punje.

Aliyesema nina wivu wa biashara: siuzi chochote.

Muuzaji mwenyewe amenifuata inbox. Hakutaja kurudisha hela, hata za yule dada. Amesema nisubiri toleo la pili, limeboreshwa, lina maneno mengi zaidi, krone 200. Nikamuuliza swali moja tu: kwenye toleo la pili, "mara" ni nini? Amejibu "tid", ila safari hii ameweka na picha ya saa.