Mrejesho: feni ya prosesa, ile ya boksi au ya kununua?

Niliuliza kama prosesa yangu (ubongo wa kompyuta), Ryzen 5 5600, itastahimili joto la Mombasa kwa feni iliyokuja nayo, Wraith Stealth, au ninunue nyingine. Mkasema nijaribu ya bure kwanza. Haya, nimejaribu.

Chumbani kwangu Kisauni hakuna AC. Mchana nikicheza gemu, prosesa ilipanda hadi nyuzi 86, na kikomo chake ni 90. Haikuzima, ila kelele jamani, kama tuktuk inayopanda daraja la Nyali! Nikiwa karibu kununua, nikafungua kasha la kompyuta: feni ya nyuma nilikuwa nimeifunga kinyume, inavuta hewa ndani. Aibu yangu. Nimeigeuza, sasa ni 78. Pesa ya feni imenunua RAM (kumbukumbu ya kompyuta). Uliyesema nitazame njia ya hewa, unanidai mahamri.